Kutega Fuko, Mahali Mapenzi ya Uwindaji Yanapoanzia

Shina moja la viazi vitamu linanyauka katikati ya tuta, na majirani zake wote wamesimama vizuri, kijani kibichi. Mtoto akilivuta linamfuata mkononi bila kung'ang'ana. Mizizi haipo, limekatwa chini kama kwa kisu kilichonolewa jana, na pale palipokuwa na kiazi pamebaki pango la udongo laini. Kwa watoto wengi wa Vihiga, Kakamega na Bungoma, magharibi mwa Kenya, uwindaji unaanzia hapo, kwa mnyama ambaye hawatamwona hata mara moja hadi siku watakapomnasa.

Kuwinda wanyamapori kwa burudani kulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Tangu hapo vizazi vimekua bila kumwona mtu akiondoka alfajiri na bunduki kwenda kutafuta nyati. Mapenzi yenyewe hayakufa, yalihamia kwa wadudu wanaoliwa na kwa waharibifu wa mazao, na naamini huko yalipata mwalimu mkali kuliko bunduki. Mwenye bunduki humwona mnyama kwanza. Anayetega fuko hana cha kulenga. Ana udongo tu, na lazima udongo umweleze kila kitu: yupo au amehama, anatokea upande gani, atarudi baada ya muda gani.

Kabla ya fuko kuna kumbikumbi, kwa sababu hata mtoto wa miaka 5 anaweza kushiriki. Wajaluo huwaita ngwen, Waluhya tsiswa au chiswa kutegemea unatoka upande gani. Wako wanaoruka usiku au alfajiri baada ya mvua kubwa, na hao hawataki ufundi: taa, na beseni la maji chini ya taa. Wanafuata mwanga, wanaanguka majini, mabawa yanalowa, hawaruki tena. Wale wa mchana ndio wenye kazi. Mahali vitundu vyao vimeanza kutokea huchimbwa kishimo cha kina cha shubiri moja, kikatandikwa jani la mgomba ili anayetumbukia asipate pa kushika. Juu ya vitundu hupindwa fito, zikafunikwa kwa blanketi zito au majani ya migomba, na huachwa upenyo mmoja tu wa mwanga, juu ya kile kishimo. Kisha watoto huketi kando na kupiga vijiti viwili kwenye ubao uliolazwa chini, haraka haraka, bila kukatiza, mlio wa matone ya mvua. Mtikisiko unashuka ardhini, wadudu wanadhani mvua imefika, wanatoka gizani, wanauona upenyo.

Kibanda chenye upenyo wa pili hakikamati kitu, na ndilo kosa la kwanza la kila mtoto. Blanketi limeinuka kidogo upande wa nyuma na kumbikumbi wote wanapita huko huku yeye akiendelea kupiga ubao. Kosa la pili ni kuchoka. Mpigo ukikatika kwa muda wa kwenda kunywa maji, wanarudi ndani, na kuwatoa tena ni kazi ya saa nzima. La tatu ni ardhi kavu. Kama haikunyesha siku moja au mbili zilizotangulia, mwagia maji kwanza au ahirisha. Mtoto aliyekaa saa mbili akipiga ubao bila kukatiza, macho yake kwenye upenyo, ameshapata nusu ya kile atakachohitaji kwa fuko.

Sasa fuko mwenyewe. Wa huku kwetu si yule mla minyoo wa Ulaya. Ni jamaa wa panya, mla mizizi, mzito kiasi cha robo kilo, manyoya laini, mkia mfupi, macho madogo kama mbegu ya mtama. Meno yake ya mbele yana rangi ya chungwa na yamekaa nje ya midomo. Midomo hufungika nyuma ya meno, kwa hiyo anaweza kutafuna ardhi siku nzima bila kula udongo. Anachimba kwa meno hayo na udongo anausukuma kwa uso na mguu wa mbele mpaka unatoka juu kama rundo. Anaishi peke yake. Chumba kimoja ndicho kitanda chake na ghala lake. Ukikifikia unaweza kukuta viazi vyako vimepangwa humo, vingine havijaguswa. Anapenda udongo wenye kina usiotuamisha maji. Ndiyo maana watoto wa tambarare za Kano, ambako udongo mweusi hujaa maji wakati wa mvua, hujifunza zaidi kwa kamongo, samaki wa matopeni, kuliko kwa fuko, na wale wa miinuko ya Vihiga na miteremko ya Mlima Elgon ndio wategaji.

Mtegaji hutegemea tabia moja tu, na ukiielewa hiyo mengine yote ni mikono. Fuko hawezi kuvumilia njia yake kuwa wazi. Hewa ya nje ikiingia, mwanga ukiingia, lazima aje azibe. Humwiti kwa chakula. Kiazi kilichowekwa kwenye mtego ni mapambo, kwa sababu yeye ana ghala zima nyuma yake. Unamwita kwa kutoboa nyumba yake.

Kazi huanza asubuhi kwa kutembea shambani bila jembe. Mtoto akikimbia kumwambia babu yake, "Guga, nimeona rundo," jibu la mzee huwa swali: "La lini?" Hapo mtoto arudi akaguse. Rundo la usiku uliopita ni jeusi kidogo kuliko udongo wa juu, lina unyevu, na ukilibonyeza kwa vidole linashikana. La juzi limeanza kupauka juu, lakini ukilichimbua kwa kidole ndani bado ni bichi. La wiki iliyopita limepigwa na mvua, limepata gamba, pengine na majani machanga. Anayetega kwenye rundo la wiki iliyopita anategea nyumba isiyo na mtu.

Usichimbe kwenye rundo lenyewe. Hapo ni jalala lake, njia inayopanda huko imezibwa na udongo mtupu. Tafuta marundo mawili mapya yanayofuatana, simama katikati, na utoboe ardhi kwa spoki ya baiskeli au chuma chembamba, kila baada ya upana wa vidole vinne, ukivuka ule mstari. Ardhi ngumu inakataa, inakataa, halafu ghafla chuma kinadondoka chenyewe kiasi cha vidole vitatu. Ndiyo njia. Mara nyingi iko kati ya shubiri moja na mbili kwenda chini. Wakati wa kiangazi iko chini zaidi.

Fungua dirisha la urefu wa futi moja, ukate kwa panga badala ya kupiga kwa jembe, kwa sababu jembe linabomoa dari na njia ikibomoka midomo yake huioni tena. Toa udongo kwa mkono mpaka uone midomo miwili, mmoja kila upande. Ingiza kidole. Njia inayotumika ina kuta laini, zenye unyevu, zilizosuguliwa na manyoya yanayopita kila siku. Ukikuta vinyweleo vya mizizi vimevuka njia, au uzi wa buibui, amehama. Funika, nenda kwingine.

Sasa jambo ambalo wengi huliruka kwa haraka, na kwa maoni yangu ndilo linalomtenganisha mtegaji na mchimbaji wa mashimo. Acha dirisha wazi, uondoke. Nenda kafanye kazi nyingine saa moja au mbili. Ukirudi utakuta mdomo mmoja umezibwa kwa udongo mbichi uliosukumwa kutoka ndani. Udongo huo umekujibu maswali mawili kwa mpigo: yupo, na yuko upande huo. Ukitega bila kungoja jibu hilo, utalazimika kutega midomo yote miwili, na ule usio na kitu utakupotezea waya na uzi bure. Ikiwa hakuna mdomo uliozibwa hadi jioni, usibishane na ardhi.

Ufito wa mtego uwe wa mpera. Una mnyumbuko, haukatiki, na unakaa wiki kadhaa kabla ya kulegea. Chipukizi la mkalitusi linafaa kwa siku mbili tatu, likikauka linabaki limepinda kama bakora. Mparachichi usiuguse, unavunjika. Kata urefu wa mita moja na nusu, unene wa kidole gumba upande wa chini, uusimike futi moja ardhini, hatua moja kubwa kutoka dirishani. Pima nguvu yake kwa kuufunga kopo la lita moja lililojaa maji, kisha uupinde na kuuachia. Ukiinua kopo, unatosha. Fuko mwenyewe hana uzito huo, lakini akishikwa hutanua mwili na kukwama ukutani. Ufito dhaifu humvuta nusu, naye hupata muda wa kujinasua. Ufito wenye nguvu kupita kiasi nao utakata uzi wa kufyatua wenyewe kabla hajafika, ukute mtego umesimama wima na njia imezibwa.

Kitanzi hutengenezwa kwa waya wa breki ya baiskeli. Ufumue, uchukue nyuzi nne au tano, uzisokote upya. Zote kwa pamoja ni ngumu mno, haziteremki haraka. Uzi mmoja unajikunja na kupoteza duara. Katani kwa kitanzi ni kumpa zawadi, meno yale yanaikata kwa mara moja. Kitanzi kiwe na upana sawa na njia, vidole vinne hivi, kwa sababu lazima kiguse kuta pande zote. Kwa ncha ya kisu chora mfereji mwembamba kuzunguka ukuta wa njia, ndani ya mdomo, ukilaze kitanzi humo hadi kisionekane, kisha ukipake udongo laini. Manyoya ya uso wake yanasikia kila kitu. Waya uliojitokeza hata kidogo anauzika kwa udongo kabla hajaupita.

Uzi wa kufyatua ni wa mgomba. Chana ukanda mwembamba kutoka ganda kavu la shina, uuloweshe kidogo usikatike wakati wa kufunga. Kamba kutoka ncha ya ufito inagawanyika mara mbili. Tawi moja linakwenda kwenye kitanzi likiwa limelegea. Jingine limekazwa, nalo limeungwa na uzi wa mgomba unaoshuka kwenye upenyo mwembamba wa dari, unavuka njia wima katikati, na kufungwa kwenye kigingi kilichopigiliwa sakafuni. Uzi huo peke yake ndio unaozuia ufito usiruke. Usitumie nailoni. Fuko anapokutana na kizuizi njiani dawa yake ni kukikata, na mgomba unakatika kwa urahisi kama mzizi. Nailoni inateleza kwenye meno, naye anaamua kuizika.

Mpangilio, ukimtazama fuko anavyokuja kutoka ndani, ni kitanzi kwanza, uzi baadaye, halafu dirisha. Kati ya kitanzi na uzi paache vidole vitatu. Hapo ndipo penye siri yote ya mtego huu. Fuko apitishe kichwa kwenye kitanzi, afikie uzi, aukate, na wakati huo shingo yake iwe mahali pake. Ukiacha vidole viwili waya utamkamata meno na kuteleza. Ukiacha vidole vitano utamshika kiunoni, atakuwa hai, atajizungusha na kuchimba mpaka ang'oe kigingi, au utamkuta katika mateso ambayo hakuna mwindaji wa kweli anayeyataka.

Mwisho funika dirisha kwa jani la mgomba na udongo juu yake, uache tundu la mwanga lenye ukubwa wa sarafu. Watu wengi huacha dirisha lote wazi wakidhani fuko ataharakisha. Ataharakisha kweli, lakini atakuja na shehena ya udongo mbele yake, maana pengo ni kubwa, na shehena hiyo itafukia kitanzi na uzi kabla pua yake haijafika. Tundu dogo humfanya aje mikono mitupu kukagua kwanza. Na kabla hujagusa chochote, sugua viganja kwa udongo wa shimo lile lile. Mikono yenye sabuni, tumbaku au mafuta ya taa inaharibu mtego ambao hauna kasoro nyingine.

Kagua kila baada ya saa chache na usiache mtego ulale. Ukiacha usiku kucha, siafu watafika kabla yako na kukuachia manyoya na mifupa. Ukimkuta hai usimshike kwa mkono; yale meno yanafika kwenye mfupa. Mmalize kwa mpini, pigo moja nyuma ya kichwa.

Moshi wa pilipili na maji ya ndoo watu hujaribu, na hushindwa kwa sababu ile ile inayofanikisha mtego. Akisikia moshi anaziba. Maji yakiingia anaziba. Unamwaga ndoo kumi kwenye kipande cha njia cha mita mbili, yeye yuko ng'ambo ya kizibo chake anakula kiazi chako.

Lipo jambo kuhusu waya huu ambalo kila mzee anayemfundisha mtoto anapaswa kulisema siku hiyo hiyo, kabla mikono haijazoea. Ndani ya njia ya fuko kitanzi kinachagua, kwa sababu mwenye njia ni mmoja. Kitanzi hicho hicho kikitundikwa vichakani hakichagui chochote. Katika bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, iko Hifadhi ya Taifa ya Ruma, mahali pekee nchini Kenya ambapo korongo bado wanaishi porini, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma na uso mweusi na mweupe. Waya uliotegwa kwa ajili ya paa mdogo unaweza kumnasa korongo mguu, naye hutembea nao hadi anaoza. Kutega wanyamapori ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, lakini hata kabla ya sheria ni uwindaji mbovu, wa mtu asiyejua anamtegea nani. Hesabu waya zako unapotoka shambani. Ulizoingia nazo ndizo utoke nazo.

Kware nao wana mvuto wao, na mtoto aliyewahi kumsikia kware, aluru kwa Wajaluo, isindu kwa Waluhya, akiita alfajiri kutoka kwenye kitundu kilichofungwa juu ya mti mrefu, hasahau. Dume wa kufugwa huita, wale wa porini wanaokuja na mvua hutua kwenye nyasi kumfuata, na vitanzi vyembamba vimepangwa kwenye vinjia vya nyasini. Ni ufundi mzuri mno, wa masikio zaidi ya mikono. Lakini kware wa porini ni mali ya sheria pia, na hata kuwafuga kunahitaji leseni ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, jambo ambalo wengi walilijua wakati mayai ya kware yalipovuma mwaka 2013 na kuporomoka mwaka uliofuata. Mtoto asikilize, ajifunze kutofautisha mwito wa dume na wa jike, ajue wanafika baada ya mvua ipi. Kumnasa si lazima.

Kwa fuko hakuna anayekuzuia, na kijiji kizima kinakushukuru. Katika mashamba mengine mtegaji hulipwa kwa kila fuko, akionyesha mkia. Vijana wenye mkono mzuri huitwa kutoka mtaa mmoja hadi mwingine msimu wa viazi, na ni wale wale waliokuwa wakipiga ubao wa kumbikumbi bila kuchoka.

Ukishamtoa, usifukie dirisha. Ng'oa ufito, toa kitanzi, ukikague kama kuna uzi uliokatika, ukisugue kwa majivu kisishike kutu. Acha njia wazi, chomeka kijiti hapo usije ukalisahau. Njia tupu ni nyumba nzuri na jirani yake ataigundua. Pita kesho yake, keshokutwa, na siku ya tatu. Udongo wa ukingoni ukikauka na kudondoka wenyewe, shamba ni lako. Ukikuta mdomo umezibwa kwa udongo mbichi, angalia ni upande upi, maana huenda wa pili ametokea kule ambako wa kwanza hakutokea, kisha chana uzi mwingine wa mgomba.